Watumwa wa Bahr el Ghazal hawakuwa "waliotekwa"

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu ya karibuni kuhusu Sudan mliwagusia wanawake na watoto wa Kidinka waliochukuliwa Bahr el Ghazal, ambayo leo iko Sudan Kusini, katika vita vya 1983 hadi 2005 baina ya serikali ya Khartoum na waasi wa kusini, mkawaita "waliotekwa". Naomba nafasi nieleze kwa nini neno hilo, ambalo wakubwa wa Khartoum walilipenda mno, haliwafai watu hao.

Kiswahili, kwa masikitiko, hakikupungukiwa na maneno katika jambo hili. Mateka hushikwa vitani, akafungwa, akangoja kukombolewa au kubadilishwa. Lakini mtoto wa kiume anayeamka alfajiri kuchunga ng'ombe wa mtu aliyekichoma kijiji chao, usiku akalala nao zizini, akabandikwa jina la Kiarabu na kulazimishwa kusali sala asiyoijua, huyo wazee wetu wa pwani wangemwita mtwana. Dada yake anayetwishwa kazi zote za nyumba na kuingiliwa na bwana wake bila hiari, wangemwita mjakazi au suria, wala wasingehitaji tume ya kuwatafutia neno.

Tume yenyewe iliundwa na serikali mwaka 1999, ikapewa kazi ya kutokomeza "utekaji" wa wanawake na watoto, kana kwamba watekaji walikuwa hawajulikani. Walijulikana. Murahalina, wapanda farasi wa Rizeigat na Misseriya, makabila ya Waarabu wafugaji, waliopewa silaha na serikali tangu katikati ya miaka ya 1980, walifuatana na garimoshi la kijeshi kutoka Babanusa kwenda Wau. Garimoshi lilikwenda polepole, nao huku na huku ya reli wakichoma vijiji na kuswaga ng'ombe na watu pamoja.

Mliandika pia kwamba vile vilikuwa vita vya Waislamu dhidi ya Wakristo. Mimi ni Mwislamu, na sikatai kwamba jihadi ilitangazwa wala kwamba makanisa yaliteketezwa. Hata hivyo, fatwa iliyotolewa katika mji wa El Obeid mwezi Aprili 1992 iliwahukumu hata Waislamu waliokuwa upande wa waasi kuwa ni murtadi, yaani walioritadi dini, na katika milima ya Nuba misikiti yao haikusalimika. Tena waliouanika utumwa huu mwaka 1987, baada ya Wadinka kuchomwa moto ndani ya mabehewa katika mji wa ed-Daein huko Darfur, walikuwa Waislamu wawili, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Khartoum: Ushari Ahmad Mahmud na Suleyman Ali Baldo. Ushari alitiwa kizuizini kwa ajili hiyo.

Mkataba wa amani ulitiwa saini hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005 bila kuunda mahakama ya kuwahukumu waliomiliki watu. Miaka miwili kabla yake watafiti walikuwa wamekwisha kuorodhesha majina ya watu zaidi ya 11,000 waliochukuliwa, wengi wao wakiwa hawajarudi kwao.

Tangu vita vipya vilipoanza Aprili 2023, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameripoti utumwa wa ngono Darfur, na safari hii wameandika utumwa. Naomba gazeti lenu liandike hivyo hivyo, na liwasahihishie wasomaji lile neno la makala iliyopita.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi,
Nairobi