Kuhusu lile neno ulilouliza

Kadutu, Bukavu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Mama anakusalimia na anauliza utavuka ziwa lini.

Nimefurahi umeniuliza juu ya neno la Kiingereza "actually" kabla ya mtihani wako wa ukalimani hapo Goma, maana sisi tuliosoma kwa Kifaransa neno hili hututega sana. Sikio linasikia "actuellement", na "actuellement" ni sasa, wakati huu. Kwa Kiingereza cha leo sivyo kabisa. Ukitaka kusema sasa, sema "currently" au "now". Asili ya yote mawili ni moja, Kilatini, mzizi wa kutenda, ila Waingereza walibaki na lililo kweli, Wafaransa wakashika lililopo leo.

Chukua mfano wa bandarini. Mgeni anasema: "The boat actually leaves at seven." Ukitafsiri "kwa sasa boti inaondoka saa moja", abiria ataelewa kwamba ratiba ni ya muda tu. Mgeni hakusema hivyo. Anasema: mlidhani saa mbili, kumbe ni saa moja! Atakayekuja saa mbili ataikuta boti iko mbali ziwani. Kwa hiyo jiulize kila mara, msikilizaji alikuwa anatarajia nini? Neno hili huja pale ukweli unapopishana na matarajio. "He actually paid" ni "kweli alilipa", na ndani yake mna mshangao, kwamba watu walikwisha kumkatia tamaa.

Likikaa mwanzoni mwa sentensi, mara nyingi linasahihisha: "Actually, I'm from Bukavu", yaani hapana, mimi si wa Goma. Hapo sauti ndiyo huamua. Ukilitamka kwa upole linapunguza makali. Ukilitamka kwa ukavu, umemwambia mwenzako hajui kitu. Mbele ya wakubwa wa kazi ningekushauri ulitumie kwa uchache.

Ila linalonitia hofu zaidi ni "eventually". Kwa Kiingereza ni hatimaye, jambo litatokea. "Éventuellement" ya Kifaransa ni huenda. Mfaransa akisema mbele ya watu waliopoteza nyumba kwamba mahema "éventuellement" yataletwa, nawe ukalitafsiri neno hilo kwa Kiingereza kama "eventually", umetoa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa, na watu watakaa kungoja. Hilo lishike kuliko yote.

Niandikie sentensi zinazokusumbua kabla ya Jumatano. Umeme ukiwepo nitakujibu usiku uleule.

Wako daima.