Lile trela, lione kwanza likiwa limefungwa

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Kulwa,

Kabla hujasoma zaidi, mfikishie bibi shikamoo yangu. Mguu wake umenikaa moyoni tangu ulivyoniambia kuhusu ile ngazi ya zahanati. Sisi huku tu wazima. Vuli imeshika, radi zinapiga ziwani kila usiku, na tangu saa nane mchana hatuna umeme, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia. Umeme ukirudi, kijana atazipiga picha kurasa hizi akurushie.

Nimeziangalia picha za yale matrela mawili ya kulala safarini uliyonitumia, moja moja, nikirudia. Najua hela hiyo imetoka wapi. Shemeji amesimama mbele ya ubao maisha yake yote, na kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Kwa hiyo nakuandikia kama ninavyoona, hata pale ambapo hutapenda.

Umeniuliza: lile lenye ubavu unaosukumwa nje, ambalo wauzaji wanasema lina slaidi, au lile la kawaida? Hesabu picha za lile la slaidi. Ziko kumi na moja, na katika zote slaidi imetolewa. Hakuna hata moja inayoonyesha ndani ikiwa imerudishwa. Mwombe muuzaji hizo. Trela lililofungwa ndilo mtakalovuta barabarani, ndilo mtakaloingia mkiegesha pembeni mle mkate na chai, na ndilo litakalowabakia siku mota ya kuisukuma slaidi ikigoma. Lililofunguliwa ni la siku mkishafika, mkapata pa kulilaza vizuri.

Nisiwe mchoyo wa sifa, maana letu lina slaidi na nimeifurahia. Mara ya kwanza tulipolifungua kando ya ziwa, baba watoto alibonyeza kitufe, kochi na meza vikaanza kwenda nje polepole pamoja na dirisha lake, na sakafu ikaonekana pale ambapo hapakuwa na sakafu. Karibu mita nzima. Watoto walikaa chini wakacheza karata, nami nikapita katikati yao na sufuria ya moto bila kumwambia mtu asogee. Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Watu watano ndani ya chumba kimoja, na hatukugombana. Anayekwambia slaidi haina maana hajawahi kufungiwa na mvua akiwa na watoto.

Lakini likifungwa, Mama Kulwa! Kochi linarudi mpaka karibu ligonge kabati la jiko. Nafasi inayobaki ni shubiri mbili, napita ubavu ubavu huku nimevuta tumbo. Friji linafunguka nusu. Choo kiko nyuma ya kochi, na safari yetu ya kwanza kurudi kutoka Shinyanga mama mkwe alibanwa njiani. Choo tunacho, kisafi, kina maji, na hakuna wa kukifikia mpaka tutafute uwanja wa kufungulia slaidi. Tulisimama Misungwi tukaomba choo kwa mama mmoja wa mgahawa. Mama mkwe hakusema neno, na kimya chake kiliniuma kuliko kama angelalamika.

Sasa nikusimulie habari ya kandambili, maana humo ndimo nilimojifunzia karibu yote ninayoyajua.

Tulikuwa kambi moja karibu na Lamadi, upande wa ghuba ya Speke, tunajiandaa kuondoka asubuhi. Usiku tulikuwa tumesahau taa zikiwaka na betri ilikuwa imechoka. Baba watoto akabonyeza kitufe, slaidi ikaanza kurudi kwa kusuasua, halafu ikakwama upande mmoja huku upande wa pili ukiendelea. Nikasikia mlio kama wa meno yanayosagana. Kandambili ya mtoto ilikuwa imeingia chini ya kochi, imebanwa kati ya sakafu na ukingo wa slaidi. Tulipoitoa, betri ilikuwa imekufa kabisa. Huwezi kuondoka na ubavu umetokeza nje, kwa hiyo ikabidi baba watoto alale kwenye matope chini ya trela, autafute mkono wa chuma wa kuzungushia, na azungushe. Zamu kwa zamu, karibu saa nzima. Wavuvi wawili wa dagaa waliokuwa wametoka ziwani wakatusaidia kusukuma kwa nje, wamelowa mpaka viunoni, na malipo yao yalikuwa chai na maandazi.

Tukadhani yameisha. Kumbe slaidi iliporudi imepinda, ilikuwa imechana mpira wa kuzibia, ule unaozunguka ukingo wake kama ule wa mlango wa friji. Mchano wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kidole changu. Hatukuuona. Mvua za masika zikapita juu yake, na miezi sita baadaye nilikuwa nafagia nikahisi kisigino kinazama, kama nimekanyaga mkate. Sakafu ya slaidi ni plaiwudi, na chini ya kapeti ilikuwa nyeusi, inamenyeka kwa kucha. Fundi seremala wa Nyakato aliijenga upya, kazi nzuri, hilo silo lililotuchelewesha. Gia ya slaidi iliyolika ndiyo iliyotuweka. Hapa mjini haikuwepo, ikaagizwa nje, na kwa miezi miwili na nusu tulikuwa na trela lisilofunguka. Muulize shemeji: mota ikifa mkiwa Geita, nani ataitengeneza, na spea itatoka wapi?

Tangu hapo nina utaratibu wangu na siuvunji. Kabla ya kutoa au kurudisha, trela lilale sawa, napima kwa pimamaji, maana likiinama fremu inajipinda na slaidi inajisugua. Mtu mmoja anasimama nje, mmoja ndani, na mimi nafagia sakafu kwa mkono, si kwa macho. Kabla ya kurudisha, napanda ngazi nifagie paa la slaidi, kwa sababu tukiegesha chini ya mwembe majani yote yanataka kuingia nayo ndani. Ile mipira naifuta na kuipaka silikoni. Kamwe si grisi wala oili, vinauvimbisha mpira. Jua letu hili la karibu na ikweta lenyewe linatosha kuipasua. Na msimu wa wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi, wanaifuata taa ya dirishani na kufia kwenye mipira hiyo. Asubuhi nimewakuta wamejaa kwenye mfereji wa ukingo, unene wa kidole, wanatoa harufu ya samaki. Ukifunga juu yao bila kuwafuta, mpira haukai mahali pake na maji yanapata njia. Nayaandika yote haya ujue ni kazi ya kila kituo. Kwa anayekaa mwezi mahali pamoja ni kazi ndogo. Kwa anayehama kila baada ya siku mbili inachosha.

Uzito sitauongelea sana, shemeji ataupiga hesabu mwenyewe. Slaidi moja inaongeza kilo mia kadhaa: reli, mota, na chuma cha kuimarisha ubavu uliokatwa. Asome kwenye kitabu cha Prado uwezo wake wa kuvuta, kisha alipime trela likiwa na maji, mitungi ya gesi na vyombo ndani yake, asiamini namba ya tangazo. Kutoka kwenu Dodoma mpaka huku ni karibu kilomita 700, na katikati kuna mlima wa Sekenke. Kilo mia tatu kwenye tambarare za Igunga huzihisi. Ukiteremka Sekenke nyuma ya lori zitakukumbusha. Na kila kijiji kina matuta yake. Kila tuta linaitikisa slaidi kwenye gia zake, hata ukipita taratibu vipi.

Kuna jambo lingine ambalo tangazo halikulisema. Lile la slaidi limetoka Marekani, si ndiyo? Basi mlango wake uko kulia. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango unafunguka upande wa majani. Kwetu utafunguka katikati ya barabara, na bibi atashuka huku mabasi yanampita mgongoni. Umeme wake nao ni wa volti 120, wa kwetu ni 230, kwa hiyo mtahitaji transfoma, na mtu asije akachomeka kwa haraka akaunguza friji siku ya kwanza. Lile la Afrika Kusini mlango uko kushoto na umeme unaingiliana na wetu. Kwangu mimi mlango peke yake ni jambo kubwa, kubwa kuliko slaidi.

Najua utaniambia, basi tuchukue lisilo na slaidi, tufunge turubai pembeni, maisha yetu ni ya nje hata hivyo. Nami mchana nakubaliana nawe. Jiko nje, mkeka chini ya turubai, sato wa kukaanga, nani atakaa ndani? Lakini ikifika saa moja jioni mbu wanashuka, na pwani ya ziwa hili si mahali pa kuwachezea. Na upande wa Lamadi na Ndabaka viboko hutoka majini usiku kula majani. Tumewahi kusikia mmoja anatafuna umbali wa hatua kumi kutoka dirishani, watoto wameshikana mikono gizani. Kwa hiyo mtaingia ndani mapema, na mtakaa humo muda wa saa kumi na moja au kumi na mbili kila usiku. Nafasi ya ndani ina thamani yake huku kuliko unavyodhani ukiwa Dodoma.

Sasa niitazame safari yenu yenyewe. Umeniandikia wiki tatu: Mwanza, Bunda, Musoma, kurudi, kisha kuvuka kwenda Sengerema, Geita na Chato. Kuvuka si shida tena. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kupanga foleni ya kivuko na trela mgongoni. Ni kilomita 3 hivi juu ya maji, dakika chache mko ng'ambo. Lakini hesabu vituo vyenu: vinane au tisa ndani ya siku ishirini na moja. Ni mara kumi na sita mpaka kumi na nane, ukihesabu kila kutoa na kila kurudisha, na mvua za msimu huu, na viwanja ambavyo vingi vimeinama au vina mawe. Hapa Mwanza kwenyewe, ukipata uwanja usio na jiwe la ukubwa wa gari, una bahati. Slaidi inataka mita moja ya ziada ubavuni, tupu.

Kwa mwendo huo mimi ningenunua lile la Afrika Kusini, lisilo na slaidi. Kama mngekuwa mnakwenda kulilaza kwenye kiwanja chenu cha Magu miezi mitatu mkisimamia ujenzi, ningesema chukueni la slaidi bila kufikiri mara mbili, na mlango tungeutafutia namna.

Bibi tu ndiye anayenifanya nisite. Picha za lile la kawaida zinaonyesha njia nyembamba kati ya jiko na kabati la nguo, na kigari chake cha kutembelea kina upana ambao mimi siujui, wewe unaujua. Fanya hivi, tafadhali. Mwombe kila muuzaji vipimo vya ndani kwa sentimita, na yule wa slaidi atoe vya wazi na vya kufungwa. Ondoeni makochi sebuleni. Chukua chaki ya shemeji, bila shaka bado anazo, uchore trela sakafuni kwa ukubwa wake halisi: mlango, jiko, kitanda, choo. Weka viti pale penye kabati. Kisha mwambie bibi atembee na kigari chake kutoka kitandani mpaka chooni, usiku, taa ikiwa imezimwa, kama atakavyokuwa huko. Kwanza lile la kawaida. Halafu la slaidi likiwa wazi. Halafu la slaidi likiwa limefungwa.

Akipita kwenye la kawaida, nunueni hilo na msiangalie nyuma. Asipopita humo ila akapita kwenye la slaidi hata likiwa limefungwa, nunueni hilo, nami nitakuja mwenyewe Usagara kuwapokea, nikufundishe mipira na ngazi na kufagia kwa mkono. Akikwama kwenye yote mawili, msinunue lolote mwezi huu. Tutatafuta la tatu pamoja.

Nitumie picha ya hiyo michoro ya chaki. Na umwambie bibi kwamba michembe ya viazi vitamu aliyoniomba nimeshakausha, nusu gunia, inamsubiri.

Rafiki yako wa tangu bweni,
Mama Neema