Sato hawana Katosi yao

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji na Mazingira, Kampala.

Mheshimiwa, salamu kutoka mwaloni Ggaba, ninakouza samaki.

Nakuandikia kuhusu Mfereji wa Nakivubo. Watu wa mjini huuona mtaro tu, ila asili yake ni kijito. Leo unashusha maji ya mvua, kinyesi, oili chafu ya magereji na chupa za plastiki hadi Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ghuba hiihii tunayovua na kuchota maji ya kunywa.

Mvua kubwa ikinyesha, siku chache baadaye jua likiwaka, maji hugeuka kijani kizito. Ukitumbukiza mkono unautoa umepakwa. Huo ni mwani, na mbolea yake ni naitrojeni na fosforasi za vinyesi na sabuni zetu. Mchana mwani hutoa oksijeni, usiku huivuta, na ukifa na kuoza huimaliza. Ndiyo maana sato tunawakuta wamekufa alfajiri, midomo wazi. Kamongo yeye hana shida, hupanda juu akavuta hewa. (Na huyo kamongo wateja wangu wa ukoo wa Mmamba hawamgusi, ni mwiko wa ukoo wao, kwa hiyo haniokoi.)

Kila mara tunasikia mitaro inazibuliwa. Sawa, watu wasifurikiwe. Lakini mtaro ukizibuliwa wakati mafunjo ya huku chini yamefyekwa, uchafu unatufikia haraka zaidi. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yanayapunguza maji kasi, tope likatua, mizizi ikanywa ile mbolea. Sasa sehemu kubwa ya kinamasi cha Nakivubo ni magimbi, miwa na nyumba, na maji yanapita katikati moja kwa moja kama yana haraka ya basi.

Serikali ilijenga mtambo wa maji ya kunywa Katosi, mbali na uchafu wa ghuba hii, na tunashukuru. Sato hawana Katosi yao.

Ombi langu ni moja: mipaka ya kinamasi iwekwe na ilindwe, mafunjo yarudishwe, na maji ya mfereji yatawanywe humo kabla ya kuingia ziwani. Wenye magimbi watafutiwe pa kulima kwanza, ni majirani zangu.

Ukija kujionea, fika kabla ya saa 12 asubuhi. Kukipambazuka, makaloli, wale ndege wala mizoga, huwa wameshakula ushahidi wote.

Muuza samaki, Ggaba