Turubai la Ngurrara: barua kwa rafiki yangu mpima ardhi

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Katika barua yako umeniuliza, kwa ule mzaha wako wa kitaaluma, iliwezekanaje huko Australia picha ya rangi ikapokelewa kuwa ushahidi wa haki ya ardhi, ilhali haina jiwe la mpaka wala skeli. Nitakujibu kwa picha moja tu, turubai kubwa la Ngurrara.

Wenyeji wa Jangwa Kubwa la Mchanga, kaskazini-magharibi mwa Australia, ambao kwa pamoja huitwa Ngurrara, wasemao Kiwalmajarri, Kiwangkajunga, Kimangala na Kijuwaliny, walikuwa wakidai ardhi ya mababu zao, ambayo wengi wao walikwisha kuihama katika karne ya 20 wakaenda kuishi kwenye ranchi za ng'ombe pembezoni mwa jangwa. Wazee walioijua ardhi hiyo kisima kwa kisima hawakuweza kuieleza kwa Kiingereza cha wanasheria, basi wakaamua kuichora. Picha ya kwanza, ya mwaka 1996, waliiona haitoshi. Mwaka 1997, mahali paitwapo Pirnini, wachoraji wapatao 40 walitandika chini kitambaa cha takriban mita 10 kwa 8, kila mmoja akaketi mahali palipolingana na nchi yake, akachora.

Rangi zilikuwa za akriliki, za dukani tu. Uzito wa jambo uko kwenye ruhusa, kwa maana katika sheria yao mtu hachori mahali asipokuwa na haki napo kwa nasaba. Chukua kisima cha Kurtal: wanasimulia kwamba Kurtal alikuwa mtu aliyetembea nchi hiyo akileta mvua, kisha akageuka nyoka akaingia kisimani, na hadi leo anayefika hapo humwita na kujitambulisha kabla ya kuchimba mchanga kuyafikia maji. Anayekichora kisima hicho anatamka kwamba nyoka yule anamjua. Ndiyo maana, baraza la taifa la madai ya ardhi ya wenyeji lilipokwenda Pirnini kuwasikiliza, wadai walisimama mmoja mmoja juu ya sehemu zao za picha na kutoa ushahidi kwa lugha zao wenyewe.

Kuna alama moja itakayokukera wewe hasa, nayo ni mstari mrefu unaolikatiza turubai. Hiyo ni njia ya kuswagia ng'ombe iliyopimwa mwaka 1906 na 1907 na Alfred Canning, mpima ardhi wa serikali, mwenzako kabisa, ambaye aliwakamata wenyeji na kuwafunga minyororo ili wamwonyeshe maji, hata ikaundwa tume ya kifalme mwaka 1908 kuchunguza mwenendo wake. Vingi vya visima vyake vilichimbwa palepale walipokuwa wakiteka maji tangu zamani. Ramani yake, pamoja na skeli na vipimo vyake vyote, ilitokana na ujuzi wa watu hao hao ambao baadaye walitakiwa kuthibitisha kwamba wanaijua nchi yao.

Mwaka 2007 Mahakama ya Shirikisho ilitambua haki yao juu ya zaidi ya kilomita za mraba 70,000. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu turubai lichorwe, na baadhi ya wazee waliolichora walikwisha kufariki.

Wako,
Salim