Mama Nasra, hilo chepe la theluji msinunue kwanza

Shoga yangu Mama Nasra, salama? Huku kwetu tuzima, watoto wanaenda shule, baridi ndo inaanza kubisha hodi. Meseji yako ya kuniuliza habari ya chepe la kusafishia theluji nimeiona tangu juzi ila sikutaka kukujibu kwa mistari miwili, maana nimeona na ile picha aliyotuma shemeji, chepe la chuma pana kama mlango wa choo, eti "hili litamaliza kazi mara moja". Nimecheka peke yangu jikoni. Sasa kabla hamjalipia hebu niulize kitu kimoja, nani atakuwa analishika? Shemeji shifti yake ya usiku, theluji nayo mara nyingi unaamka asubuhi ndo unaikuta, saa kumi na moja alfajiri mwenzio bado yuko kazini na wewe ndo una gari la kutoa na mtoto wa kupeleka. Basi hilo chepe ni lako, linunuliwe kwa kimo chako na mgongo wako, mabega ya shemeji tuyaweke pembeni.

Mliokaa Houston kwenye joto mkiona theluji kwenye picha mnadhani haina uzito. Ile kavu ya Januari kweli ni nyepesi, mita moja ya ujazo inaweza kuwa kilo 50 mpaka 100 hivi, lakini ile ya Machi iliyojaa maji inafika kilo 300 na wakati mwingine inapita. Nimeangalia draivuwei yenu, ile njia ya gari ya hapo nyumbani, kwenye ile video, tuseme upana mita 3 urefu mita 12, sasa ikidondoka sentimita 10 tu, ambayo kwa huku Minneapolis, jimbo la Minnesota, hata hawaiiti theluji ya maana, unapata mita za ujazo 3.6, yani kilo 360 za kuhamisha kama ni kavu, na kama ni ya maji ni tani nzima na kidogo juu. Tani, shoga, na chai hujanywa.

Ndo maana upana wa bapa, ile sehemu ya mbele inayochota, siyo sifa. Chepe la kuinulia la inchi 18 likijaa theluji ya maji unanyanyua kama kilo 7, la inchi 24 unanyanyua kama 10, hapo chuma chenyewe hujakihesabu, na huo mzigo haukai karibu na tumbo, uko kule mwisho wa mpini mikono imenyooka halafu unataka kuurusha pembeni. Kiuno kinakufa hapo. Mimi wa kimo chako (tunafanana, usibishe) nisingeshika la kuinulia linalopita inchi 18.

Lakini sikwambii ununue moja. Nunua mawili, na hata yote mawili pamoja sidhani kama yatafika bei ya lile la shemeji. Moja la kusukuma, bapa lake limejikunja kwa ndani, hilo ndo liwe pana, inchi 24 au hata 30, maana hulinyanyui, unatembea nalo tu unasukuma mpaka ukingoni kwenye majani. Theluji ikiwa sentimita 5 hivi linafagia draivuwei yote upesi sana na jasho dogo. Siri yenyewe ni kuwahi, ikidondoka siku nzima usiisubiri ifike magotini, toka sukuma, rudi ndani, toka tena. La pili la kuinulia, hilo dogo, kwa ajili ya ngazi za kibarazani, kona, na lile tuta la mwisho wa draivuwei.

Tuta lenyewe nikwambie maana hakuna atakayekuonya. Ukishamaliza kusafisha, umeridhika, umeingia ndani, greda la manispaa linapita barabarani linasafisha njia na theluji yote ya pembeni linaibwaga mbele ya geti lako. Siyo theluji tena ile, imeshindiliwa, ina mabonge ya barafu na chumvi na uchafu wa barabarani, la kusukuma halifui dafu. Ichote kidogo kidogo na lile dogo ukianzia juu ukishuka, na usiiache mpaka kesho maana ikilala usiku inakuwa zege. Na usije ukairudisha barabarani kwa hasira, sheria ya jimbo inakataza.

Bapa liwe la nini? La plastiki jepesi na theluji haigandi sana, na kwenye ngazi zenu za mbao halikwaruzi, ubaya wake ni kupasuka baridi ikizidi na ukingo kulika kwenye zege. Alumini ni jepesi pia na inavumilia, tafuta lenye ukanda wa chuma pale mbele, huo ndo unaokwangua theluji iliyokanyagwa na matairi, ila kwenye nyufa za zege unanasa na mpini unakuja kukupiga tumboni, kwahiyo usikimbie nalo. Chuma kitupu waachie wenye mabanda ya ng'ombe. Mimi ningechukua plastiki kwa kusukuma, alumini kwa kuinua.

Mpini ndo watu hawaangalii kabisa na ndo kila kitu. Pale hadiwea, duka la vifaa, lisimamishe chepe sakafuni, la mpini ulionyooka ncha yake ije usawa wa kifua chako. Ikiwa fupi utainama asubuhi nzima, ikiwa ndefu mno kurusha kunakuwa tabu. Kuna ile mipini iliyopindwa katikati, wengine hawaipendi wanasema inazunguka mkononi ukirusha, mie naipenda maana mgongo hauinami sana. Kile kishikio cha juu kiwe kikubwa, jaribu ukiwa umevaa glavu nene kabisa, siyo mkono mtupu, vingi vinakataa ngumi ya glavu.

Theluji ikiganda kwenye bapa, yale mafuta ya kupikia ya kopo la kupuliza, paka kidogo mbele na nyuma, inateleza yenyewe. Nyingine, theluji za mwanzo wa msimu zitupe mbali na ukingo. Haziyeyuki zile. Msimu wa 2022 kuingia 2023 hapa ilidondoka zaidi ya inchi 90 kwa jumla na waliokuwa wanaibwaga palepale ukingoni ikifika Februari wanarusha kuipandisha ukuta.

Na hili mwambie shemeji mwenyewe maana ana presha na hapendi kuambiwa. Kuna utafiti wa Marekani uliangalia mwaka 1990 mpaka 2006, wastani wa watu 11,500 kila mwaka walikwenda emajensi kwasababu ya kazi hii tu ya kuchota theluji, wengi ni kiuno, waliopatwa na moyo walikuwa wachache ila vifo ndo vilitoka kwao. Mtu katoka shifti hajalala, anaingia kwenye baridi kali na chepe zito, anabana pumzi ananyanyua. Hapana. Siku zake za ofu asukume, tuta mgawane.

Mambo ya mji sikuchoshi, kwa nyumba ya familia una masaa 24 baada ya theluji kukatika uwe umesafisha njia ya miguu ya mbele, upana wote mpaka zege lionekane, na nyie mko kona kwahiyo na pale pa kuvukia ni penu. Chumvi usimwage kama unakaanga mihogo, ile ya kawaida baridi ikishuka chini ya hasi 9 za Selsiasi hivi haifanyi kazi vizuri, na kikombe kimoja kikubwa cha kahawa kinatosha draivuwei ya futi 20. Inayobaki inaishia kwenye maziwa na haitoki tena. Baridi ikizidi tumia mchanga, manispaa wanautoa bure kwa wakazi.

Usiniambie ni mapema. Mwaka 1991 dhoruba ya theluji hapa ilianza tarehe 31 Oktoba, wakiacha kuhesabu wamefika inchi 28.4, na ikishatangazwa dhoruba pale hadiwea unakuta yamebaki yale mapana ya chuma tu. Jumamosi nina ofu, nikupitie saa nne twende. Vaa buti zako za baridi, ukivaa viatu vya kawaida kipimo cha mpini kinadanganya. Shemeji kama atakuwa ameamka aje, mfuko wa chumvi unahitaji mabega.

Wako,
Mama Salim