Misumari ya bati haina kazi ndani ya chujio la maji

"Nimebadilisha misumari mwenyewe, na maabara wanasema aseniki iko palepale. Mmenipiga." Lalamiko hili linajirudia kwa wateja wa chujio letu la kutoa aseniki, ile sumu ya majini, na pipa likifunuliwa tunakuta jambo lilelile: misumari ya bati iliyobaki kwenye ujenzi.

Jamani, kinachofanya kazi ndani ya chujio ni kutu. Kilo 5 za misumari midogo ya kawaida hukaa kwenye beseni lenye matundu, juu ya mchanga. Ikishika kutu, aseniki na risasi (ile metali yenye sumu) hugandia hapo, na kutu inayomeguka hunaswa na mchanga. Misumari ya bati imepakwa zinki makusudi isishike kutu. Una shaka? Laza mmoja kwenye kikombe cha maji ya chumvi, na wa kawaida kwenye kikombe kingine. Asubuhi wa kawaida una rangi ya kahawia, wa bati hauna kutu.

Mchanga nao. Wateja wa Mikindani, acheni ule wa ufukweni: una chumvi na vipande vya kombe. Udondoshee ndimu, ukitoa povu ni chokaa. Sisi tunachekecha wa mtoni na kuuosha mara nane, mara kumi, hadi maji ya suuza yatoke safi. Pesa yako inakwenda hapo, siyo kwenye pipa.

Chini kokoto sentimita 5, mchanga mnene 5, kisha laini 30. Maji yabaki sentimita 5 juu ya mchanga hata chujio likipumzika, kwa hiyo usilikate lile bomba la kutokea lililopandishwa. Misumari ifunikwe na vipande vya tofali, la sivyo ukimimina ndoo ya maji, misumari inasogea na maji yanapita pembeni bila kuigusa. Maji yakidondoka polepole, vuruga mchanga wa juu tu, uteke tope. Tope hilo ndilo lenye sumu: lichanganye na saruji, usilimwage kwenye mchicha.

Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, metali inabaki. Klorini nayo huua vijidudu tu. Chai ikiwa nyeusi kama wino, hiyo ni dalili ya chuma. Aseniki haina rangi wala ladha, hivyo pima kwanza.

Chumvi ya visima vya pwani chujio hili haliitoi. Zebaki hatuahidi: unayechota karibu na wachenjuaji dhahabu kule Ruangwa, tutakwambia utafute chanzo kingine kabla ya kukuuzia pipa.

Misumari yako ilete kabla hujaimwaga ndani. Kuikagua hatutozi.