Moshi nao uahirishe mechi

Mhariri,

Novemba 2018, pambano la futiboli ya Kimarekani la watani wa jadi wa vyuo vya California, Cal (chuo kikuu kilichoko Berkeley) na Stanford, lilisogezwa kutoka tarehe 17 hadi Desemba 1. Si mvua, ni moshi wa moto ulioteketeza mji wa Paradise, zaidi ya kilomita 200 kutoka Berkeley! Mchezaji anayekimbia huhema kwa mdomo, na chembe laini za moshi huzama hadi ndani kabisa ya mapafu.

Miongozo ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka mazoezi ya nje yafutwe au yahamishiwe ndani kipimo cha uchafu wa hewa, AQI, kikifika 300. Mbona juu hivyo? Kwa beki wa kilo 140 mwenye pumu, hata 150 ni mateso. Kiwango kishushwe.

Msomaji, Oakland